UZI: Kumlaza mtoto mchanga kwa usalama: chali, godoro, neti na kitanda cha mama

Mkunga wa Pwani:
Salaam wanajukwaa. Kila ikizuka habari ya mtoto mchanga aliyekutwa amekufa usingizini, majibu huwa mawili: mipango ya Mungu, au kuna mkono wa mtu. Imani ya mtu siigusi. Lakini mambo yanayoongeza vifo hivi na yanayovipunguza yanajulikana, na mengi hayana gharama hata ya shilingi. Tuyaweke mahali pamoja, wenye ujuzi waongezee.

Tunamzungumzia mtoto wa chini ya mwaka mmoja aliyekuwa mzima, akanyonya, akalazwa, kisha akakutwa hana uhai, na hata baada ya uchunguzi wa maiti na kukagua mahali alipolala sababu haikuonekana. Hicho ndicho kinachoitwa SIDS, kifupi cha Kiingereza cha kifo cha ghafla cha mtoto mchanga kisichojulikana sababu. Vifo vingi vya namna hii hutokea kabla ya miezi 6, na kilele chake ni kati ya mwezi wa 2 na wa 4. Kando yake vipo vifo vinavyofanana kwa macho lakini chanzo chake kipo: kuzibwa pumzi na mto, kubanwa kati ya godoro na ukuta, kulaliwa na mtu mzima. Kinga zake karibu zote ni zile zile, kwa hiyo sitazitenganisha.

La kwanza lenye uzito kuliko yote: mlaze CHALI. Usiku chali, mchana chali, hata usingizi wa robo saa. Ubavu nao haufai, kwa sababu mtoto aliyelazwa ubavu hayuko imara, akijinyonga kidogo tu anaangukia tumbo.

Ushahidi ulitoka kwenye hesabu ya makaburi. Uholanzi miaka ya 1970 wazazi walishauriwa kulaza watoto kifudifudi, vifo vikapanda. Mwaka 1987 wakaanza kuambiwa waache, vikashuka. New Zealand walifanya utafiti mkubwa kuanzia 1987 hadi 1990, na mambo matatu yakajitokeza waziwazi: kulala kifudifudi, mama kuvuta sigara, na mtoto kutonyonyeshwa. Uingereza ikaanza kampeni ya chali Desemba 1991, Marekani 1994. Huko kote vifo vilipungua kwa karibu nusu au zaidi katika miaka iliyofuata, bila dawa mpya wala mashine mpya.

Kwa nini kifudifudi ni hatari? Uso ukielekea godoro, hewa aliyoitoa mtoto inabaki pale pale mbele ya pua, anaivuta tena na tena. Oksijeni inapungua kidogo kidogo. Joto nalo linakosa pa kutokea, maana mtoto mchanga hupoza mwili wake zaidi kwa uso na kichwa. Mtoto wa kawaida hapo hugutuka, akageuza kichwa, akalia. Wapo watoto ambao shina la ubongo, sehemu inayotakiwa kuwagutua, halifanyi kazi hiyo sawasawa katika miezi ile ya mwanzo. Kwa kuwatazama huwezi kuwatambua: wananyonya vizuri, wanaongezeka uzito, kadi ya kliniki iko safi. Ndiyo maana wote wanalazwa chali.

Shangazi K:
Asante kwa somo, dada. Ila bibi zetu wote wanasema mtoto akilala chali akicheua maziwa yatampalia. Na hili ndilo linalowafanya wengi wamgeuze usiku. Tuwajibuje kwa heshima?

Mkunga wa Pwani:
Hofu yao ni ya upendo, kwa hiyo usibishane, waonyeshe kwa mkono wako. Weka kidole kooni: lililo mbele, unalolishika na kulihisi gumu, ni bomba la hewa. Bomba la chakula liko nyuma yake. Sasa mlaze mtoto chali akilini: bomba la hewa liko JUU, la chakula liko CHINI. Maziwa yanayorudi yanatakiwa yapande mlima ili yaingie kwenye hewa. Hayapandi, yanatoka mdomoni au anayameza. Mgeuze kifudifudi: bomba la chakula sasa liko juu, maziwa yakirudi yanadondokea moja kwa moja kwenye mlango wa hewa. Na nchi zilizogeuza watoto wote wakalala chali hazikuona vifo vya kupaliwa vikiongezeka.

Mtoto anayecheua sana: akimaliza kunyonya mshike wima begani, mpapase mgongo mpaka abeue, kama dakika 10 hadi 20, ndipo umlaze. Kitanda kibaki bapa. Kuinua upande wa kichwa kwa mto au kwa matofali chini ya miguu ya kitanda hakuzuii kucheua, na mtoto huteleza hadi kidevu kinakutana na kifua. Kidevu kikikunjwa namna hiyo, bomba lake la hewa, ambalo ni laini kama mrija wa juisi, linajikunja nalo.

Fundi Godoro:
Kwenye godoro watu wanakosea sana, nitaenda taratibu.

Godoro la mtoto liwe gumu na bapa. Linalomfanya mtoto "azame kama yuko mawinguni" ndilo baya. Akizama, kichwa kinachimba kishimo, na siku akigeuka uso unaingia humo humo. Sponji nyepesi za bei rahisi huwa ngumu dukani, baada ya miezi sita zimebonyea katikati. Godoro lililorithiwa kwa kaka yake kagueni kabla ya kulitumia.

Kuna kipimo cha nyumbani kinachotumika Australia. Panga sidii (CD za muziki) 12 moja juu ya nyingine, ziweke katikati ya godoro au pale palipo laini zaidi. Chukua pakiti ya maziwa ya lita 1 ambayo haijafunguliwa, ilaze juu ya sidii zile ili ncha yake moja ijitokeze nje kwa sentimita 4. Pakiti ya pili ya lita 1 ilaze juu ya ya kwanza. Inama utazame kwa pembeni: ile ncha iliyojitokeza ikigusa godoro, hata kidogo, godoro ni laini mno kwa mtoto. Asiye na sidii atumie kibao cha duara chenye upana wa sentimita 12 na unene wa sentimita moja na nusu hivi, atapata picha ile ile.

Kwa wanaochongesha kitanda, iwe Keko au kwa fundi wa mtaani kwenu: nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6. Kopo la soda likipita, fito ziko mbali, kiwiliwili cha mtoto kinapita na kichwa kinakwama. Godoro liingie likibana pande zote. Vidole viwili vikipenya kati ya godoro na ubao, ni dogo. Mkatae fundi anayetaka kuweka upande wa kushuka na kupanda. Marekani vitanda vya namna hiyo vilipigwa marufuku mwaka 2011, kwa sababu bawaba zikilegea upande ule unaachana na kitanda na mtoto ananasa kwenye ufa.

Ndani ya kitanda kuwe na shuka moja iliyobana godoro, na mtoto. Basi. Mito ya pembeni ya urembo inayofungwa kwenye fito, midoli, blanketi la manyoya, kanga iliyokunjwa kuwa kizuizi asianguke, vyote vitoke.

Mzizima22:
Mkuu Fundi, hayo ni ya wenye kitanda cha mtoto. Wengi wetu ni chumba kimoja, kitanda kimoja, neti moja. Mtoto alale wapi?

Mkunga wa Pwani:
Swali la msingi kabisa. Marekani wanasema mtoto alale chumba kimoja na mzazi, angalau miezi 6 ya mwanzo, lakini kitanda chake. Uingereza wanawaeleza wazazi hatari ziko wapi, wajue kujipanga. Kwetu lazima tuanzie hapo, kwa sababu mama anayeogopa kulala na mtoto kitandani mara nyingi huishia kusinzia naye kwenye kochi. Na kochi ndilo baya kuliko yote: hatari ya kifo hiki inatajwa kufika mara 50 ya kawaida. Mtoto anaingia kwenye ule ufa wa kiti na mgongo, uso unabanwa na kitambaa, mama amelala fofofo. Kama unanyonyesha saa nane za usiku na unahisi utapitiwa, nyonyesha kitandani ulikokwisha kukutayarisha.

Yapo mazingira ambayo mtoto ASILALE kitanda kimoja na mtu mzima, hata kwa usiku mmoja. Mmoja wa wazazi anavuta sigara, hata kama anavutia nje. Yeyote kitandani amekunywa pombe, au amemeza dawa inayoleta usingizi, na hapa nahesabu vidonge vya mafua na dawa kali za maumivu baada ya upasuaji. Mtoto ni njiti, yaani alizaliwa kabla ya wiki 37, au alizaliwa na uzito chini ya kilo 2.5.

Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo, pangeni hivi. Godoro gumu, na ikiwezekana lishushwe sakafuni, liwe mbali na ukuta. Ufa wa ukutani ni mtego. Mtoto alale upande wa mama peke yake, asiwekwe katikati ya baba na mama. Mama alale ubavu akimwelekea, mtoto chali, kichwa chake kikiwa usawa wa titi. Hapo yuko chini ya mto wa mama, haufikii. Mto wa mama uwe mmoja. Shuka ya mama iishie kiunoni. Nywele ndefu zifungwe. Kaka zake na dada zake walale kwingine, maana mtoto wa miaka mitatu akilala hajui kama kamlalia mdogo wake.

Ipo njia ya kati ninayoipenda sana. Wamaori wa New Zealand wanafuma kikapu bapa cha nyuzi za mmea wa kwao, kinaitwa wahakura, mtoto analala ndani yake juu ya kitanda kile kile cha wazazi. Yuko karibu na titi, lakini ana kuta zake. Ufini nao tangu 1938 wanawapa akina mama sanduku la vifaa vya mtoto ambalo likishamwagwa vitu linakuwa kitanda chake cha kwanza. Hapa kwetu msusi wa ukili au wa matete hashindwi: kitako bapa na kigumu, kuta fupi zisizoinama, kigodoro chembamba kinachojaa kitako chote.

nesi_mlimani:
Niongezee neti, kwa sababu kuna watu wakisoma "kitambaa usoni ni hatari" wanaweza kuiondoa. MSIIONDOE. Malaria inaua watoto wetu. Neti yenye dawa ni salama kwa mtoto mchanga. Ikiwa mpya ianike kivulini saa 24 kabla ya kuitumia. Kinachotakiwa ni ikae mbali na uso: ifungwe juu, ichomekwe chini ya godoro pande zote ikiwa imekaza, isiachwe kuning'inia ikamwangukia. Zile neti ndogo za mwavuli zichunguzeni waya zake. Zikilegea, kitambaa kinashuka hadi puani, na mtoto akisogea mpaka ukingoni ngozi inagusa neti na mbu wanamuuma kwa nje. Kamba za kufungia zikatwe fupi.

Joto sasa. Mtoto aliyezidishiwa joto yuko hatarini, na huku kwetu mtoto mchanga anavalishwa kana kwamba anapanda Kilimanjaro. Dar, Tanga au Mombasa mwezi Februari, nepi na fulana nyepesi vinatosha usiku. Kofia ya nini chumbani? Kofia inaziba pale pale joto linapotokea. Usipime kwa mikono na miguu, hiyo huwa ya baridi kwa watoto wote wachanga. Ingiza vidole viwili nyuma ya shingo au kifuani: pakiwa na unyevu wa jasho, toa nguo moja. Feni iwashwe au dirisha lifunguliwe.

Nyanda za juu ni jambo jingine. Njombe, Makete, Limuru, usiku baridi inauma kweli. Mvalishe nguo mbili tatu zinazobana mwili badala ya blanketi zito linaloweza kupanda usoni. Chupa ya maji moto itumike kupasha kitanda, kisha itolewe kabla mtoto hajawekwa. Na jiko la mkaa lisilale chumbani, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hiyo haiui mtoto peke yake, inamaliza nyumba nzima, na asubuhi watu wanasema ni uchawi.

Shangazi K:
Nesi, vipi kuhusu mtoto aliyetoka wodi ya njiti? Watu wanasema hospitali walikuwa wanamlaza kifudifudi, kwa nini nyumbani tukatazwe?

nesi_mlimani:
Ni kweli wodini baadhi ya njiti hulazwa kifudifudi, kwa sababu mapafu machanga hupumua kwa wepesi zaidi hivyo. Lakini pale kuna kifaa kinachosoma mapigo na oksijeni, na muuguzi yupo. Nyumbani hakuna. Mtoto azoeshwe chali kabla ya kuruhusiwa, na mama aambiwe wazi sababu. Tusipomwambia, anaondoka na kile alichokiona kwa macho yake, na njiti ndiye mwenye hatari kubwa kuliko mwenzake aliyetimiza miezi.

Kwa mama anayefanya kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi: mtoto wima kifuani, kichwa kimegeuzwa upande, pua na mdomo vinaonekana, kidevu hakijakunjwa. Mama alale ameegemea kidogo, na kitambaa kimfunge mtoto asiteleze. Saa 2 za kwanza baada ya kujifungua kuwe na mtu anayewatazama wote wawili, maana mama amechoka na anaweza kusinzia bila kujua uso wa mtoto umezama kwenye titi.

Mbeleko vilevile: uso uonekane, usifunikwe na kanga kukinga jua. Tumia mwavuli.

Mzizima22:
Nimeona hakuna aliyetaja walezi wengine. Mama kajitahidi miezi miwili analaza chali, siku moja kaenda harusini, mtoto kabaki na dada wa kazi au bibi.

Mkunga wa Pwani:
Umegusa penyewe. Mtoto aliyezoea chali akilazwa kifudifudi kwa mara ya kwanza, hatari yake inazidi hata ya yule aliyezoea kifudifudi. Hajajifunza kunyanyua kichwa na kukigeuza akiwa tumbo. Kwa hiyo usimwachie mtu mtoto kwa kusema tu "keshanyonya". Mwambie kwa maneno: "akisinzia, mlaze chali hapa, bila mto." Mwonyeshe ni wapi. Na mkanye mapema kuhusu dawa za mafua na mzio: wapo walezi wanaompa mtoto kijiko ili alale, na dawa hizo zinapunguza ule ule uwezo wa kugutuka tunaoupigania.

Akiwa macho na unamtazama, mweke tumbo. Anza dakika 3 hadi 5, mara mbili au tatu kwa siku, juu ya mkeka. Akifika wiki 7 hivi jumla iwe dakika 15 hadi 30 kwa siku. Shingo na mabega yanakomaa, na kisogo hakiwi bapa. Kwa kisogo, badilisha pia upande wa kichwa: leo aelekee mlangoni, kesho dirishani.

Daktari wa Zamu:
Mengine yanayosaidia, kwa ufupi. Kunyonyesha kwa angalau miezi 2 kunapunguza hatari karibu nusu, na kuendelea ni bora zaidi. Sigara wakati wa ujauzito inaiongeza hata ikiwa moja kwa siku. Chuchu bandia, ile ya kumtuliza mtoto isiyo ya chupa, wakati wa kulala inapunguza hatari pia. Anayenyonyesha asubiri unyonyeshaji ukae sawa, wiki 3 au 4, isifungwe kamba shingoni wala kubandikwa kwenye nguo, na ikidondoka mtoto akiwa amelala iache. Vifaa vya kuvalishwa mguuni vinavyosoma mapigo havijaonyesha kuzuia vifo hivi. Usinunue kifaa ukaacha godoro laini.

Chanjo. Penta, sindano moja inayokinga magonjwa matano, inatolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kilele cha vifo hivi ni mwezi wa 2 hadi wa 4. Umri ni ule ule, kwa hiyo lazima watakuwepo watoto waliochanjwa Jumatatu wakafa Jumatano, na ndugu watasema ni sindano. Watoto waliochanjwa wakilinganishwa na wasiochanjwa, waliochanjwa hufa kidogo zaidi kwa namna hii. Usiruke tarehe.

Mtoto akikutwa hapumui: muite, mgonge nyayo. Usimtikise, usimmwagie maji. Piga ukelele, mmoja atafute gari, wewe anza. Mlaze chali mezani au sakafuni, kichwa kikae sawa, usikirudishe nyuma kama cha mtu mzima. Funika mdomo na pua yake kwa pamoja na mdomo wako, puliza hewa ya mashavuni tu mpaka kifua kinyanyuke, mara 5. Kisha zungusha mikono miwili kifuani, vidole gumba katikati, chini kidogo ya usawa wa chuchu, bonyeza kama sentimita 4, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika. Mibonyezo 30, pumzi 2, endelea hadi hospitali, hata ndani ya gari.

Na kwa aliyefiwa anayesoma hapa: wapo watoto waliolazwa chali, kwenye godoro gumu, na mama aliyefanya yote haya, wakafa. Wakwe na majirani wasimtafutie mama kosa kwenye matanga. Pole sana.

Shangazi K:
Swali la mwisho. Mtoto anajigeuza mwenyewe usiku, unamlaza chali, unamkuta tumbo. Mtu akeshe?

Mkunga wa Pwani:
Hapana, dada. Unaanza kumlaza chali kila mara. Kama anajua kwenda pande zote mbili, kutoka chali hadi tumbo na kurudi, mwache alale alivyojichagulia. Kama anajua upande mmoja tu, mrudishe chali ukiamka kunyonyesha au ukimwona, bila kukesha, na mchana mwongezee muda wa tumbo mkekani ili ajifunze kurudi. Ila waliokuwa wanamfunga shuka kama kifurushi, acheni siku ile ile anapoanza kujipinda kutaka kugeuka, kwa wengi ni mwezi wa 3 au wa 4. Akigeuka na mikono imefungwa hana cha kujinyanyulia.